Mayai Mia Tatu na Kumi

Tik. Tik-tik. Tik.

Niliusikia mlio huo kabla sijafumbua macho, ukipita kwenye ukuta wa mbao unaotenga chumba changu na cha Shangazi. Ulikuwa mdogo kama wa mdudu anayetafuna fremu ya mlango, lakini hata usingizini niliutambua. Kilikuwa kihesabio chake, kidude cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye tarakimu nne na kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Shangazi alikuwa ameshaamka na ameshaanza kazi.

"Leo unahesabu nini?" nilimuuliza nikiwa bado nimelala.

"Kunguru. Kumi na tisa tangu kupambazuke. Wawili wamerudi walikotoka, hao sikuwatia."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Amka. Leo siku ya sitini, usije ukaniaibisha siku ya mwisho."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Kwa misimu kumi na tisa alihesabu ndege wawindaji juu ya mgongo wa mlima ulio nyuma ya nyumba yake. Kila mwaka, kwa siku sitini, mwewe, shakivale, kozi na tai hutoka kaskazini na kupita hapo, kwa sababu upepo unaogonga ubavu wa mlima huwanyanyua na kuwapa safari ya bure. Yeye alikuwa akikaa juu kule tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kila saa ina mstari wake kwenye karatasi, mistari kumi kwa siku. Wiki moja kabla ya msimu wa ishirini aliteleza kwenye ngazi za mawe, nyonga ikavunjika. Daktari akamwambia atatembea tena, ila mlima ausahau.

Nikaja mimi kutoka mjini. Nisijipake mafuta: sikuja kwa huruma peke yake. Nilikuja kwa sababu wajomba na baba wadogo walikuwa wakinitazama kama kijana asiyeshika jambo, na mimi sipendi kutazamwa hivyo. Nilisimama mbele yao wote nikasema, "Kuhesabu ndege? Kazi ya macho mawili na makalio. Mimi ninavyo vyote."

Shangazi alicheka mpaka nyonga ikamuuma. Halafu akanionyesha barua iliyobandikwa ukutani juu ya kitanda chake.

Kwenye tambarare ya kaskazini, ndege wanakotokea, hunyunyiziwa dawa ya kuua kwelea kwelea. Kwelea akila dawa hulewa na kuanguka, mwewe humwokota, naye hulewa. Kwa miaka sita Shangazi alikuwa akiwaandikia wenye mamlaka kwamba ndege wanaisha. Ile barua ndiyo ilikuwa jibu lake la kwanza la maana. Lete msimu wa ishirini, ilisema. Hesabu ikiwa imeshuka tena, dawa itasimamishwa. Isiposhuka, mkataba wa dawa utaongezwa miaka kumi. Kikao cha kuamua kilikuwa kikae juma lililofuata siku ya sitini.

"Miaka kumi mingine," Shangazi alisema siku ile, "hutakuwa na cha kuhesabu ila kunguru kama mimi."

Basi asubuhi hiyo ya sitini nikanywa chai, nikatia chupa ya maji na kihesabio changu mfukoni, nikapanda. Kileleni kuna kibanda cha mabati kisicho na ukuta wa mbele, meza iliyofungwa kwa waya isipeperushwe, kiti cha chuma, na darubini ya miguu mitatu. Mbele yake kuna jiwe refu upande wa kushoto na mlingoti upande wa kulia. Kati ya jiwe na mlingoti ndipo penye mstari usioonekana. Ndege asiyevuka mstari huo hajapita.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha. Ya pili ni kwamba ndege anayezunguka hahesabiwi. Jua likipasha mawe, hewa ya moto hupanda, na shakivale huingia humo wakazunguka kama wanaopanda ngazi za mnara. Ukiwahesabu wakizunguka, mmoja utamwona mara tatu. Unasubiri wafike juu kabisa. Hapo mmoja hukunja mabawa kidogo, huchomoka, wengine humfuata kwa foleni kama watu wanaotoka msikitini au kanisani, nawe unabonyeza kwa kila kichwa.

Saa tatu za mwanzo zilileta mwewe mmoja mmoja, nikawaandika. Saa nne wakaja wengi. Kwanza vitone vitatu chini ya wingu, kisha kumi, kisha sikujua wangapi. Wakazunguka. Nikangoja, kidole juu ya kitufe, jasho likiniingia machoni. Wakachomoka. Tik, tik, tik. Shakivale arobaini na mmoja, na kozi mmoja nyuma yao akiwa na haraka zake. Nikaandika. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, mwandiko ukalala vizuri.

Saa ya tano haikuleta kitu. Ya sita vilevile. Nilitazama anga mpaka likaanza kunichezea, likaniletea vidoa vinavyoogelea, kumbe ni uchafu wa jicho langu mwenyewe. Saa zilipoisha niliiacha mistari yake kama ilivyokuwa, mieupe.

Hapa ndipo ninapopaswa kueleza habari ya fundi baiskeli.

Njia panda, chini ya mlima, kuna ubao ambao Shangazi aliusimamisha mwenyewe. Kila jioni karatasi ya siku hubandikwa hapo ili wapita njia waone. "Ndege hawa si wangu," alizoea kusema, "kwa nini hesabu yao niifiche?" Siku ya pili yake karatasi hutolewa na kutiwa kwenye sanduku, na kila Ijumaa picha za karatasi za wiki hutumwa ofisini kwa simu. Pembeni mwa ubao huo fundi baiskeli ametundika matairi yake, na ulimi wake hauna breki.

Siku nne za kwanza niliandika kila kitu kama nilivyoagizwa. Siku ya nne karatasi yangu ilikuwa na sifuri saba. Nilikuwa bado naibandika nikamsikia.

"Jamani njooni! Mtoto wa mjini katupa mayai saba leo! Bwana Mtetea, unakula pumba gani?"

Watu wakacheka. Wanawake waliokuwa wakisubiri basi wakaziba midomo kwa kanga. Damu ilinipanda. Mimi ulimi wangu nimeunoa mwenyewe, bila mwalimu, kwa kusoma mashairi kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Nikamgeukia nikamwambia:

"Anayecheka sifuri, na kichwa chake ni yai!"

Fundi ana upara. Njia panda nzima ikalipuka, yeye mwenyewe akacheka zaidi ya wote, akanipigia kengele ya baiskeli. Nilishinda. Lakini nilipokuwa nikienda zangu nilisikia sauti ya mtu mwingine nyuma yangu, "Bado ni mtetea tu," nayo ilikaa mwilini kama mwiba wa samaki kooni.

Siku ya tano sikuandika sifuri. Nilijiambia kwamba mahali pasipo kitu na sifuri ni mamoja, na kwamba mwanamume hakai juani saa nzima halafu akajitia yai kwa mkono wake mwenyewe. Nikaacha weupe. Fundi akasogea, akaitazama karatasi, akakosa la kusema. Nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jioni Shangazi aliniuliza, "Leo wangapi?" Nikamjibu kweli. "Na saa kavu?" Nikamjibu kweli pia, "Sita." Akaitikia kwa kichwa, akaona yote yameandikwa. Sikuwahi kumdanganya hata siku moja kwa mdomo, wala sikujua kwamba karatasi ndiyo niliyoigeuza uongo.

Saa saba mchana siku hiyo ya sitini nilisikia mtu akihema kwenye ngazi. Alikuwa karani wa takwimu kutoka ofisini, dada mmoja mwenye miwani na kofia ya pikipiki mkononi. Tulikuwa tumeongea kwa simu, hatujawahi kuonana.

"Kaka, mnakaa mbinguni huku!" alisema, akajitupa kwenye kiti changu. "Nimekuja kuchukua karatasi za asili. Na nikupe pole ya mgonjwa. Na pongezi."

"Pongezi za nini?"

"Hujajua? Ndege wenu wamerudi." Akatoa daftari mkobani. "Mwaka jana shangazi yako alipata kumi na wawili kwa saa. Hadi jana Ijumaa jioni, wewe una kumi na wanne. Mara ya kwanza wastani kupanda katika miaka kumi na moja. Mkubwa wangu amefurahi, ameshauandika kwenye taarifa ya kikao."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

"Dada, ndege hawapo. Nimekaa hapa siku sitini. Kuna siku nzima nimeona watano. Mwaka jana walipita elfu saba na mia mbili, mwaka huu hawafiki hata elfu nne."

"Ndiyo, elfu tatu mia tisa na ishirini. Lakini mwaka jana shangazi yako alikaa saa mia sita kamili. Wewe hadi jana umekaa mia mbili na themanini."

"Nani kasema?"

"Karatasi." Akaniangalia kwa upole, kama anayetaka kunisamehe. "Hatukulaumu. Tulijua una mgonjwa nyumbani, huwezi kushinda mlimani kutwa. Na masharti ni saa mia mbili na hamsini, umezipita. Ungekuwa chini ya hapo tungeutupa msimu mzima."

Nikachukua karatasi ya siku hiyo, nikaiweka mbele yake, nikaweka kidole kwenye mstari wa saa tano.

"Hapa nilikuwepo."

"Mbona hukuandika?"

"Hakupita kitu."

Akaishika karatasi ile, akaitazama mistari mieupe mmoja mmoja, halafu akavua miwani. Nikaona kwamba ameelewa, na kwamba anaogopa.

"Zote?" aliuliza. "Zile saa mia tatu na kumi zinazokosekana hadi jana, zote?"

"Zote."

"Kaka yangu, mstari mtupu maana yake hapakuwa na mtu. Sifuri maana yake mtu alikuwepo, akatazama, na ndege hawakuja. Umetuletea saa walizopita peke yake. Mtu akihesabu siku alizoshiba tu, atasema mwaka mzima hakuna njaa."

Nikampokonya daftari. Nikapiga hesabu mwenyewe kwenye ukingo wa meza, kwa penseli. Elfu tatu mia tisa na ishirini, gawanya kwa mia tano na tisini. Sita na kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Karibu nusu ya mwaka jana. Ndio ushahidi ambao Shangazi aliusubiri miaka sita, wenye nguvu kuliko yote aliyowahi kuleta, nami nilikuwa nimeupindua kwa mikono yangu ukawa shangwe ya watu wa dawa.

"Nazijaza sasa hivi," nikasema. "Nazikumbuka. Nipe hizo karatasi za asili, ziko sandukuni hapa. Sifuri mia tatu na kumi, ni kazi ya nusu saa."

"Nina picha zake zote, za kila Ijumaa. Zikija na wino mpya, watasema tumeghushi, na misimu kumi na tisa ya nyuma nayo itatiliwa shaka. Hesabu haiongezwi baada ya jioni ya siku yake."

"Nani aliyetunga sheria ya kipumbavu hivyo?"

"Shangazi yako," alisema polepole. "Ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Zamani alikuwa na msaidizi aliyelala mchana, akajaza kwa kukisia. Shangazi yako alimfukuza, akaichana karatasi, akaandika sheria hiyo."

Mwongozo ulikuwa mezani, umefunikwa na jiwe ili usipeperuke. Kwa siku sitini niliweka chupa yangu ya maji juu yake.

"Basi nitakuja kikaoni. Nitawaeleza kwa mdomo."

"Njoo. Watakusikiliza. Lakini kikao kinaamua kwa karatasi, kaka, hakiamui kwa mdomo wa mtu." Akasimama, akavaa kofia yake. Alitaka kunigusa bega, akaghairi. "Mkubwa nitamweleza mimi mwenyewe. Usitegemee sana."

Akashuka na sanduku. Nikabaki na karatasi moja tu, ya siku hiyo, ambayo jioni yake ilikuwa haijafika. Hiyo niliruhusiwa. Kwenye saa tano nikaandika sifuri. Kwenye saa sita nikaandika sifuri. Saa saba niliiacha tupu, kwa kuwa nilikuwa na karani, sikutazama. Nilizichora kubwa, za kukandamiza, mpaka kalamu ikatoboa.

Saa nane nilikaa kwenye darubini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaomba ndege asije. Niliona kitone upande wa kaskazini nikakitukana. Kilikuwa mwewe mmoja. Alizunguka mara mbili, akateremka nyuma ya jiwe, hakuvuka mstari. Nikaandika sifuri, kisha nikaona haya juu ya nilichokiomba. Saa tisa sifuri. Saa kumi na kuendelea, anga lilikuwa kama sahani iliyolambwa. Sifuri. Niliyafunga macho ya darubini kwa kifuniko chake, nikashuka.

Njia panda fundi aliniona kwa mbali.

"Mtetea wetu kaanza tena kutaga! Hebu nione, moja, mbili... Leo matano! Karibu nyumbani, tulidhani umekoma!"

Nilibandika karatasi. Nilisubiri ulimi wangu uniletee neno, mstari hata mmoja, nao ulikuwa mzito kama tambara la jikoni. Fundi alikuja karibu akifuta grisi mikononi. Aliponiona uso, kicheko kikamkatikia njiani.

"Kulikoni, mdogo wangu? Mgonjwa kazidiwa?"

"Bado," nikasema. "Ndiyo naenda kumzidisha."

Mlango wa Shangazi ulikuwa wazi. Alikuwa ameegemezwa mito mitatu, mguu umenyooka, kihesabio mkononi, uso umeelekea dirishani ambako mgongo wa mlima huonekana kama kipande kidogo tu kati ya paa mbili.

"Nimemwona karani akipita na sanduku," alisema. "Hakuingia kunisalimu. Tangu lini karani yule akanipita mlangoni?"

Nikakaa sakafuni, si kitini. Nikamweleza yote. Nilianza na mayai saba, nikaenda kwenye weupe, nikafika kwenye kumi na wanne kwa saa. Sikuacha hata ule mluzi niliopiga nikirudi nyumbani. Alisikiliza bila kunigeukia. Nilipomaliza alishika kile kifundo kidogo pembeni mwa kihesabio, kinachorudisha tarakimu mwanzo, akakizungusha. Krrr. Kunguru wake wote wa siku ile wakafutika.

"Mia tatu na kumi," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Saa zote hizo ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale."

"Ulitazama? Hukulala?"

"Sikusinzia hata kidogo. Wallahi."

"Nakuamini." Akafumba macho. "Ndiyo inayoniuma. Ungelala ningekuita mvivu, nikapumua. Kumbe ulikaa, ukatazama, ukaona kila kitu nilichotaka mtu akione. Halafu ukamfichia fundi baiskeli."

Nje mtu alikuwa akipiga pampu ya maji, ikilia kwa mpigo mmoja mmoja.

"Nilikuambia siku ya kwanza," akaendelea, sauti imeshuka. "Nilikuambia ndege akipita, hata mtoto atamwandika. Mhesabu anajulikana kwa sifuri yake. Ulicheka."

"Nilicheka."

"Niondolee hiyo barua ukutani. Sitaki kulala chini yake."

Nikasimama, nikabandua barua. Kona moja ilikatika ikabaki na gundi yake. Sikujua pa kuiweka, nikaikunja nikaitia mfukoni.

"Nitakwenda kikaoni," nikasema. "Najua hawatabadili. Karani kaniambia. Lakini nitakwenda."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nilikuwepo, hawakupita, na sikuandika kwa sababu ya kiburi."

"Watakucheka. Utarudi na dawa yao ya miaka kumi, na kicheko chao juu."

"Na wacheke."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini makavu, macho yaliyozoea kutazama mbali bila kupepesa. Alinitazama kama anavyotazama kitone chini ya wingu, akisubiri kuona kama kitavuka au kitarudi.

"Maneno ya moto hayo," alisema. "Wewe moto wako naujua. Asubuhi huwa majivu. Mbele ya watu usiowajua ni rahisi. Kuna mtu mmoja tu uliyemwogopa siku sitini nzima."

Nilijua anayemsema. Nikapiga goti kando ya kitanda, nikauchukua mkono wake pamoja na kihesabio kilichomo, kikiwa na tarakimu nne za mayai matupu.

"Naahidi, Shangazi," nikasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi, jirani asikie akitaka. "Kesho, kabla sijaenda kwa yeyote, nitasimama pale ubaoni mchana kweupe, niyataje mayai yote mia tatu na kumi, siku baada ya siku, saa baada ya saa. Nitaanza na fundi."